Vihisi vya fluoresensi vya molekuli za salfa: kuona ni jambo moja, kupima ni jingine

Kwa zaidi ya miaka 20 sasa, maabara nyingi za kemia duniani zimekuwa zikitengeneza vihisi vya fluoresensi, yaani molekuli ndogo ambazo hazitoi mwanga hadi zikutane na kitu zinachokitafuta, na baada ya hapo zikimulikwa kwa rangi moja hung'aa kwa rangi nyingine. Sehemu kubwa ya kazi hiyo imeelekezwa kwenye molekuli za mwili zenye salfa: sisteini, homosisteini, glutathioni na gesi ya haidrojeni salfaidi. Makala za fani hii hufanana sana. Huanza kwa kueleza kwamba molekuli hizo zinahusiana na saratani na maradhi ya moyo, ini na ubongo, na huishia kwa picha za seli zinazong'aa pamoja na matumaini kwamba kihisi kipya kitasaidia kutambua ugonjwa. Wapo wanaoyaona haya kuwa mafanikio makubwa ya kemia ya viumbe, na wapo wanaolalamika kwamba wingi wa makala haulingani na kilichofika kwa mgonjwa. Nawapa haki wote wawili kwa sehemu, lakini si kwa usawa, na kwa maoni yangu mgawanyo wa haki hiyo unategemea hesabu ambazo wasomaji wengi wa picha zile hawazifanyi.

Tuanze na molekuli zenyewe, kwa kuwa viwango vyake ndivyo vitakavyoamua mengi. Sisteini ni asidi amino iliyobeba salfa iliyoshikana na haidrojeni, kundi ambalo wanakemia huliita thioli. Homosisteini inafanana nayo, ila imezidi kwa kaboni moja. Glutathioni ni mnyororo mfupi wa asidi amino tatu, katikati yake ikiwemo sisteini, na ndiyo thioli ndogo iliyo nyingi kuliko zote ndani ya seli: milimola 1 hadi 10 kwa lita, ilhali katika plazma ya damu ni mikromola chache tu (mikromola ni sehemu ya elfu ya milimola). Mtu akimeza paracetamol kupita kiasi, ini huigeuza sehemu yake kuwa sumu ambayo glutathioni huinasa. Glutathioni ikipungua mno, sumu ile hushambulia protini za ini, na ndiyo maana hospitalini hutolewa asetilisisteini, ambayo huupa mwili malighafi ya kuunda glutathioni nyingine. Homosisteini kwa kawaida huwa kati ya mikromola 5 na 15 katika plazma. Mwaka 1969 daktari Mmarekani Kilmer McCully alipendekeza kwamba ikizidi huharibu mishipa ya damu, baada ya kuchunguza watoto waliofariki kwa ugonjwa wa kurithi unaoipandisha sana.

Kutafuta thioli kwa rangi si jambo geni. George Ellman alichapisha mwaka 1959 kitendanishi ambacho kikikutana na thioli hutoa rangi ya manjano inayopimwa kwa nanomita 412, na hadi leo kinatumika katika maabara za vyuo kwa sababu ni rahisi na hesabu yake inaeleweka. Mwaka 1979 Edward Kosower na wenzake walionyesha jinsi bromobimani zinavyoweza kuziwekea thioli za chembe nyekundu za damu alama inayong'aa. Vihisi vya leo ni watoto wa kazi hizo, ila vina ustadi zaidi. Chukua kihisi chenye maleimidi: kundi hilo huinyonya nishati ya rangi kwa kuhamisha elektroni, hivyo rangi hukaa gizani, thioli inapojishikiza kwenye kifungo chake maradufu, unyonyaji hukoma na mwanga hutoka. Ugumu ni kwamba kila thioli inaweza kufanya hivyo. Ndipo ilipokuja hila ya mwaka 2004, pale Robert Strongin na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana walipotumia rangi yenye makundi mawili ya kemikali yaitwayo aldehidi. Sisteini na homosisteini zina kundi la amini karibu na salfa, kwa hiyo zinaweza kufunga pete pamoja na aldehidi, ya kwanza pete ya atomu tano na ya pili ya atomu sita, wakati glutathioni, ambayo amini yake iko mbali, haiwezi kuifunga kirahisi. Kutokana na wazo hilo la pete pakaja familia nzima ya vihisi vinavyojaribu kutofautisha ndugu hawa watatu kwa umbo lao wala si kwa salfa yao.

Wanaovitetea vihisi hivi wana hoja nzito, na ni makosa kuipuuza. Njia ya zamani ya kujua kiasi cha glutathioni ni kuzisaga seli na kupima mchuzi wake. Seli inaposagwa, hewa huanza kuoksidisha sehemu ya glutathioni papo hapo, na yaliyokuwa yametenganishwa na utando, yaani mitokondria, kiini na majimaji ya seli, huchanganyika yote kuwa kitu kimoja. Mtafiti hupata wastani wa seli milioni zilizokufa, ilhali swali lake lilikuwa juu ya seli moja hai. Kihisi kinachoingia ndani ya seli bila kuiua kinajibu swali ambalo mchuzi hauwezi kulijibu kamwe: ni wapi, lini, na katika seli ipi kati ya majirani. Mwaka 2008 kundi la Tobias Dick na Andreas Meyer, kule Heidelberg, lilitumia protini ing'aayo iliyounganishwa na kimeng'enya cha glutaredoksini kufuatilia uwiano wa glutathioni ya kawaida na iliyooksidika ndani ya seli hai. Kazi za aina hiyo zilisaidia kuonyesha kwamba majimaji ya seli yamelindwa dhidi ya uoksidishaji kuliko vipimo vya mchuzi vilivyokuwa vikisema. Hiki si kihisi cha kemia tupu, ni protini inayohitaji jeni iingizwe kwenye seli, na hupima uwiano badala ya kiasi. Lakini kinathibitisha kwamba kuangalia ndani ya seli hai kunaweza kusahihisha vitabu.

Pamoja na hayo, hesabu ina neno lake. Vihisi vingi vya thioli hufanya kazi kwa mmenyuko usiorudi nyuma: thioli ikishajishikiza haitoki tena. Tuseme seli ina milimola 5 za glutathioni, na mtafiti ameweka mikromola 10 za kihisi. Kwa kila molekuli moja ya kihisi kuna molekuli 500 za glutathioni zinazoisubiri. Sasa ugonjwa au dawa ipunguze glutathioni hadi nusu: bado zipo 250 kwa kila kihisi. Mtafiti akisubiri nusu saa kabla ya kupiga picha, kama inavyofanyika mara nyingi, kihisi chote kitakuwa kimekwisha kumenyuka katika seli zote mbili, na zote zitang'aa sawasawa. Ukitumbukiza kikombe kisimani kitajaa, kisima kiwe kimejaa pomoni au kimebaki nusu. Kinachobadilika ni kasi ya kujaa tu, na kasi hiyo inaweza kusomwa katika dakika za mwanzo. Ila kasi nayo hutegemea ni kihisi kiasi gani kimepenya utando, na pia hutegemea asidi ya mahali pale. Salfa ya sisteini, kwa mfano, huachia haidrojeni yake kwa nusu kwenye pH ya takriban 8.3, kwenye pH 7.4 ni karibu asilimia 11 tu ya molekuli zake iliyo katika hali inayomenyuka upesi. Sehemu ya seli yenye asidi zaidi itaonekana hafifu hata kama thioli zake hazijapungua hata kidogo.

Waandishi wa makala hizo hujitetea kwa jaribio moja maarufu. Huweka kwanza etili-maleimidi kwenye seli, kemikali ambayo hufunga thioli zote, kisha huweka kihisi. Seli zisipong'aa, husema kihisi kinapima thioli. Jaribio hilo ni zuri kwa swali dogo, kwamba mwanga unatokana na thioli wala si kitu kingine. Halisemi lolote kuhusu uwezo wa kutofautisha nyingi na chache, kwa kuwa limelinganisha kilichojaa na sifuri. Jaribio lenye maana zaidi lipo, na si ghali: ile dawa inayoitwa kwa kifupi BSO huzuia kimeng'enya kinachoanzisha utengenezaji wa glutathioni, na kiwango hushuka polepole kwa saa kadhaa. Kihisi ambacho mwanga wake unashuka hatua kwa hatua pamoja na kiwango hicho, huku sampuli nyingine za seli zilezile zikipimwa kwa njia ya kujitegemea, kimepita mtihani. Nikisoma makala na kukuta jaribio la kwanza lipo na la pili halipo, mimi huchukulia kwamba nimeonyeshwa picha, sikuonyeshwa kipimo.

Kisa cha haidrojeni salfaidi kinaonyesha gharama ya kuchanganya mambo hayo mawili. Gesi hii yenye harufu ya yai viza ilijulikana kwa muda mrefu kama sumu ya migodini na kwenye mashimo ya maji machafu. Mwaka 1996 Kazuho Abe na Hideo Kimura wa Japani walipendekeza kwamba ubongo wenyewe huitengeneza na kuitumia kupeleka ishara, na fani nzima ikazaliwa. Vipimo vya wakati ule, vilivyotumia asidi kali au mbinu ya rangi ya buluu ya methilini, vilitoa viwango vya makumi ya mikromola katika damu na ubongo, na kwa miaka mingi watafiti waliweka viwango hivyo kwenye majaribio yao wakiamini ni vya kawaida mwilini. Mwaka 2008 timu mbili zilifika, kila moja kwa njia yake, kwenye jibu tofauti kabisa. Kenneth Olson na wenzake walikuta kwamba gesi iliyo huru katika damu iko chini ya nanomola 100 (nanomola ni sehemu ya elfu ya mikromola). Michael Levitt na wenzake walipima ubongo na ini la panya kwa kromatografia ya gesi, mbinu ya kutenganisha kemikali zilizochanganyika, wakapata takriban nanomola 15. Olson aliongeza hoja ambayo haikuhitaji mtambo wowote: pua ya mtu huisikia gesi hii ikifika karibu mikromola moja katika maji, kwa hiyo damu yenye makumi ya mikromola ingenuka. Damu hainuki yai viza. Asidi iliyotumika kwenye vipimo vya zamani ilikuwa ikiitoa salfa iliyofungwa kwenye protini na chuma, na wapimaji waliihesabu yote kama gesi iliyo huru.

Miaka mitatu baadaye, 2011, vihisi vya kwanza vya fluoresensi vya gesi hii vikachapishwa karibu kwa wakati mmoja, vikiwemo vile vya Christopher Chang wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Vingi vilitumia kundi la azidi, ambalo salfaidi huligeuza kuwa amini na kuwasha mwanga. Kemia yake ni safi, na kwa seli zinazopewa salfaidi kutoka nje hufanya kazi vizuri. Swali gumu ni seli isiyopewa kitu. Kama gesi iliyo huru ni nanomola 15 na glutathioni ni milimola 5, basi glutathioni ni zaidi ya mara laki tatu. Kihisi kinachomenyuka na salfaidi mara elfu moja kwa kasi zaidi kuliko na glutathioni, sifa ambayo ingeandikwa kwa fahari kwenye muhtasari wa makala, bado kingepata mwanga wake mwingi kutoka kwa glutathioni. Safu za majedwali ya upambanuzi, ambazo huweka kila kitu kwa kiwango kimoja au viwili vya kuchaguliwa na mwandishi, huuficha ukweli huo bila mtu yeyote kudanganya. Ni haki pia kusema kwamba vihisi hivi viliwasukuma watafiti waanze kujiuliza salfaidi inatoka kwenye kimeng'enya kipi na katika chumba kipi cha seli, na maswali hayo yamezaa matunda. Nisichokubali ni kuvitumia kutamka kiasi.

Upande wa watetezi haukukaa kimya mbele ya hoja ya kikombe na kisima, na jibu lao ndilo sehemu inayonitia moyo kuliko zote. Kama tatizo ni mmenyuko usiorudi nyuma, basi tengeneza unaorudi. Mwaka 2017 kundi la Yasuteru Urano wa Chuo Kikuu cha Tokyo na kundi la Jin Wang wa Chuo cha Tiba cha Baylor, Houston, walichapisha, kila moja kivyake, vihisi ambavyo glutathioni hujishikiza na kujiachia kwa mizani, huku nusu ya kihisi ikiwa imeshikwa pale kiwango kinapokuwa cha milimola kadhaa, yaani papo hapo ambapo seli huishi. Kiwango kikishuka, kihisi huachia na mwanga hubadilika. Kikipanda, hushika tena. Zaidi ya hayo, vihisi hivi hutoa rangi mbili, moja ya kihisi kilichoshikwa na nyingine ya kilicho huru, na mtafiti husoma uwiano wa rangi hizo, hivyo haijalishi tena kama seli hii imepokea kihisi kingi na ile kidogo. Kwa mara ya kwanza iliwezekana kuimwagia seli hai oksidishi, kuona glutathioni ikishuka, na kuona seli ikijirudishia kiwango chake, yote kwa muda halisi na kwa namba za milimola. Huku ndiko kupima. Ubora huo una mpaka wake wa wazi, kwamba mizani iliyowekwa kwenye milimola haiwezi kuona homosisteini ya mikromola chache, na wala haikukusudiwa kuiona. Kemia ileile inayokipa kihisi ukweli mahali pamoja hukifanya kipofu mahali pengine.

Kuhusu homosisteini na hospitali, matumaini yanayoandikwa kwenye utangulizi wa makala yanahitaji kusomwa kwa tahadhari kubwa. Ile mikromola 5 hadi 15 ya damu ni jumla. Sehemu kubwa yake, asilimia 70 na zaidi, imefungwa kwenye protini ya albumini, na iliyobaki nyingi imeungana na salfa nyingine. Iliyo thioli huru, ambayo ndiyo kihisi kinaweza kuigusa, ni karibu asilimia moja au mbili. Ili kuiona yote ni lazima kwanza uivunje vifungo kwa kemikali. Ukitumia dithiothreitoli, hiyo yenyewe ni thioli na itawasha kihisi; ukitumia fosfini iitwayo TCEP, nayo huweza kumenyuka na maleimidi. Ukishavuka hapo, utakuta sisteini iliyoachiliwa pamoja nayo ni zaidi ya mara 15. Halafu kuna suala la sampuli lisilo na uhusiano wowote na rangi: damu iliyochukuliwa na kuachwa kwenye joto la chumba huendelea kutoa homosisteini kutoka kwenye chembe nyekundu, na kipimo hupanda kwa takriban asilimia 10 kila saa. Katika kituo cha afya kisicho na barafu, ambako gari la sampuli hupita mchana, kosa hilo peke yake linaweza kumgeuza mtu mwenye afya kuwa mgonjwa kwenye karatasi. Hakuna kihisi, hata kiwe kizuri namna gani, kitakachorekebisha damu iliyoharibika kabla haijafika.

Na hata kipimo kikiwa kamili, kinatumika kufanya nini? Majaribio makubwa ya tiba yaliyotangazwa mwaka 2006, HOPE-2 na NORVIT, yaliwapa wagonjwa foleti na vitamini B, homosisteini yao ikashuka vizuri, lakini mshtuko wa moyo haukupungua kama ilivyotarajiwa. Kipimo hicho bado ni muhimu kwa watoto wenye homosistinuria, ule ugonjwa wa kurithi unaoipandisha sana homosisteini, na kwa watu wanaoshukiwa kupungukiwa vitamini B12, na kwao hakuna mjadala. Lakini sentensi isemayo kwamba kihisi kipya cha homosisteini kitasaidia kuzuia maradhi ya moyo imeandikwa kana kwamba mwaka 2006 haukuwahi kuwapo.

Hapa niseme jambo ambalo wapinzani wa vihisi hivi hulisahau. Sifa ileile ya kutorudi nyuma, ambayo ni kasoro ndani ya seli, ni fadhila ndani ya neli ya maabara. Tangu mwaka 1987 ilikwisha chapishwa njia ya kupima homosisteini yote ya plazma kwa kuivunja vifungo, kuiwekea alama ing'aayo isiyotoka, kisha kuzitenganisha thioli moja moja kwa kromatografia ya kimiminika kabla ya kuzisoma. Huko, kihisi hakiombwi kupambanua. Kinaombwa kushika kila kitu na kushika kwa nguvu, na safu ya kromatografia ndiyo inayotenganisha sisteini na homosisteini. Njia hiyo imehudumia hospitali na tafiti nyingi. Kwa hiyo anayesema vitendanishi vya fluoresensi vya thioli havijawahi kumfikia mgonjwa anakosea. Vilimfikia, ila kwa njia ya unyenyekevu na bila picha za kuvutia.

Katika nchi zetu za Afrika Mashariki na Kongo kuna ugonjwa ambao salfa ya mwili ni kiini chake, nao ni konzo. Mtu, mara nyingi mtoto au mama wa umri wa kuzaa, hulala mzima na kuamka miguu imekakamaa, na ulemavu haumwachi tena. Daktari Giovanni Trolli aliuandika mwaka 1938 huko Kwango, Kongo. Tarime ilipata mlipuko mwaka 1985 wakati wa njaa, na Mtwara ikafuata miaka ya baadaye. Ugonjwa huandamana na ulaji wa muhogo mchungu usiolowekwa wala kukaushwa ipasavyo, pamoja na chakula kisicho na protini ya kutosha. Mwili hujikinga na sayanidi ya muhogo kwa kuiunganisha na salfa inayotoka kwenye sisteini na methionini, na kuitoa kwenye mkojo kama thiosayanati. Asiyekula maharage, samaki wala nyama ana salfa kidogo ya kulipia sumu hiyo.

Kipimo kilichofika vijijini kwa ajili ya tatizo hili hakina fluoresensi. Howard Bradbury wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, Canberra, alitengeneza karatasi ya pikrati. Unaweka miligramu 100 za unga wa muhogo kwenye chupa ndogo pamoja na karatasi yenye kimeng'enya na maji kidogo, unaning'iniza karatasi ya manjano juu yake, unafunika, na unaiacha hadi kesho yake. Asubuhi karatasi imebaki ya manjano au imekuwa ya kahawia, na unailinganisha na kadi ya rangi. Kipo na cha mkojo, ambacho hugeuza thiosayanati kwanza kisha hutumia karatasi ileile. Hakihitaji umeme, taa, wala giza, na mhudumu wa afya wa kijiji anaweza kukifanya mbele ya mwenye unga. Zaidi ya yote, jibu lake lina la kufanya baada yake: unga hulowanishwa, hutandazwa kwa tabaka jembamba, na kuachwa saa mbili juani au tano kivulini ili sayanidi iondoke hewani kabla ugali haujasongwa. Sijui kihisi cha sisteini, kati ya vyote nilivyosoma, ambacho kimeunganishwa namna hiyo na kitendo kinachofuata.

Je, hii inamaanisha mwanga hauna nafasi katika maabara zetu? Hapana, na ushahidi wa kinyume upo. Mwaka 1966 Ernest Beutler alichapisha kipimo cha upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinachowezesha chembe nyekundu kuirudisha glutathioni yake katika hali ya kawaida. Upungufu wake ni wa kawaida katika maeneo ya malaria, na mwenye nao akipewa primakwini, dawa ya malaria, anaweza kupasuka chembe za damu. Tone la damu huchanganywa na vitendanishi, hudondoshwa kwenye karatasi ya chujio, hukaushwa, na kutazamwa gizani chini ya taa ya urujuanimno. Damu nzuri hung'aa buluu. Yenye upungufu hukaa nyeusi. Kina kasoro yake, kwani huwapita wanawake wenye upungufu wa nusu, lakini ni mwanga uliofanya kazi ya tiba kwa zaidi ya nusu karne. Vivyo hivyo, Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo mwaka 2011 wa kutumia hadubini za fluoresensi zenye taa za LED kwa kifua kikuu, taa hizo zilikuwa zimeshakuwa za bei nafuu na za kudumu, na nyingi zimefika hospitali za wilaya. Vifaa vya kuona mwanga tunavyo kuliko tunavyodhani. Kinachokosekana ni maswali yaliyochaguliwa vizuri ya kuviuliza.

Hapo ndipo ningependa nguvu za wanafunzi wetu wa kemia wa Dar es Salaam, Nairobi, Makerere na Kinshasa zielekezwe, badala ya kuongeza kihisi kingine cha glutathioni cha kushindana na mamia yaliyopo kwa tofauti ya nanomita 20 za rangi. Vimelea vya malale havitumii glutathioni peke yake kama sisi. Alan Fairlamb na Anthony Cerami walionyesha mwaka 1985 kwamba vina thioli yao, tripanothioni, iliyoundwa kwa glutathioni mbili zilizofungwa kwenye spermidini. Bakteria wa kifua kikuu hawana glutathioni kabisa, wana maikothioli. Kihisi kinachotofautisha maikothioli na glutathioni kwenye makohozi, kikipimwa kwa viwango halisi vya makohozi na si vya bafa safi, yaani myeyusho wa maabara, kingekuwa kazi ngumu kuliko zote nilizozitaja na huenda kikashindwa. Lakini hata kikishindwa kingeacha namba ambazo mwingine angeanzia, na hadubini ya kukisomea tayari iko juu ya meza.